Pierre Bourdieu, mutoto wa posta aliyepima masomo

Kila mwaka buletini za masomo zinapotoka, katika nyumba mingi za wafanyakazi neno ni moja. Mutoto aliyepita, wanasema ana kichwa. Aliyeanguka, wanasema hana kichwa, na baba anaanza kuwaza namna ya kumuingiza ku kazi mapema. Mutu tunayeeleza maisha yake leo alitumia karibu miaka 40 kuonyesha kwamba neno hilo la kichwa linaficha mambo mengine. Jina lake ni Pierre Bourdieu. Alikuwa Mufaransa, profesa wa sosiolojia, ni kusema elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja na namna wamoja wanavyotawala wengine. Alifariki mwaka wa 2002. Wanafunzi wa iniversite wanamujua, lakini ku kambi za wafanyakazi jina lake halisikilike sana. Ni hasara, juu yeye mwenyewe alitoka kwa watu wadogo.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa 8, mwaka wa 1930, ku Denguin, kijiji cha Béarn, upande wa kusini-magharibi ya Ufaransa, karibu na milima ya Pyrénées. Ukoo wa baba yake walikuwa watu wa kulima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba yake aliacha jembe akaingia posta: kwanza alitembeza barua, kisha akachunga ofisi ndogo ya posta ya kijiji. Mushahara mudogo, lakini wa serikali, unaofika kila mwisho wa mwezi. Pierre alikuwa mutoto wao mumoja tu. Kijijini watu walisema luga ya Béarn, luga ya mababu. Kifaransa ilikuwa luga ya masomo na ya karatasi za serikali. Hapa musomaji wetu hana lazima ya maelezo marefu. Tunajua sisi wenyewe ni nini kusema luga moja na mama jikoni, na kuulizwa swali kwa luga ingine mbele ya ubao.

Mwaka wa 1941, akiwa na miaka 11, walimupeleka ku muji wa Pau, kwenye lise, kama mwanafunzi wa kulala huko. Watoto wa kulala, wengi wakiwa wa kijijini, walivaa blouse ya rangi ya majivu. Watoto wa muji, wale waliorudi kwao jioni, walivaa nguo nzuri za nyumbani, na waliwacheka wa kijiji juu ya matamko yao. Mchana katika kalasa Pierre alikuta vitabu na walimu waliomufungua macho. Usiku kule wanakolala ilikuwa maisha ya wenye nguvu kuonea wanyonge, kuibiana, kupigana. Yeye pia alipigana, na azabu alizipata mingi sana. Hayo aliyaandika uzeeni, na unasikia kama jeraha bado halijakauka. Masomo yalimupa kila kitu na yalimufundisha haya ya kwao, yote mawili kwa mara moja.

Akili alikuwa nayo, walimu waliiona. Wakamusukuma mupaka Paris, ku lise Louis-le-Grand, na mwaka wa 1951 akaingia École normale supérieure, masomo makubwa ambako Ufaransa inapika ba-profesa wake. Kuingia pale ni kupita katika tundu la sindano. Mwaka wa 1954 alimaliza na cheo cha juu cha kufundisha filozofia. Njiani alijifunza kuondoa matamko ya Béarn mudomoni, mupaka akasema sawa na watu wa Paris. Mutoto wa posta akasimama pamoja na watoto wa ba-minista na wa ba-daktari. Wengine wangekaa pale na kunyamaza, ao wangesema: mimi nimepita, kila mutu anaweza kupita. Kila muji una mutu wake mumoja wa namna hiyo, anaonyeshwa kwa wengine kama ushuhuda kwamba mulango uko wazi. Bourdieu alikataa kuwa ushuhuda huo. Alirudi nyuma kuhesabu wale waliobaki inje.

Lakini kabla ya kuhesabu, vita ilimuchukua. Alifundisha mwaka mumoja ku lise ya Moulins, na mwaka wa 1955 jeshi likamutuma Algeria, ambako watu walikuwa wanapigana kuondoa utawala wa Ufaransa. Wenye diplomi kama yeye walikuwa wanafanywa ofisiye. Alikataa, akaenda na askari wa kawaida, watoto wa wakulima na wa wafanyakazi. Kisha jeshi, alibaki kufundisha ku iniversite ya Alger mupaka 1960, na pale njo alipoacha filozofia ya vitabuni. Alitembea katika vijiji vya Kabylia na mashini ya kupiga picha na kayé ya kuandika. Aliingia pia katika kambi ambako jeshi la Ufaransa lilirundika watu wa vijiji waliofukuzwa ku mashamba yao. Walikuwa watu zaidi ya milioni 2. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mwanafunzi wake Mualgeria, Abdelmalek Sayad, na kitabu chao juu ya wakulima waliong'olewa kilitoka mwaka wa 1964.

Kuna kazi yake ingine ya Algeria inayotugusa sisi watu wa mushahara zaidi ya vitabu vyake vyote, hata kama wasomi hawaisemi sana. Pamoja na wataalamu wa hesabu wa serikali, aliuliza wafanyakazi na wakosa-kazi wa Algeria juu ya kazi, mushahara, watoto na kesho. Akaona hivi: mutu ambaye anaamka asubui bila kujua kama leo atapata kibarua, hawezi kupanga maisha. Si juu ya uvivu ao ujinga. Ukimuuliza mushahara gani ungemutosha, anataja hesabu ya ndoto, ao anakosa jibu. Lakini mwenye kazi ya kudumu, hata kama analipwa kidogo, hesabu yake inakaa karibu na ukweli: anapanga watoto wasome miaka ngapi, nyumba iwe namna gani. Ili mutu aweze kuwaza kesho, lazima leo yake ikamate kwanza. Hata uasi wa kujua unachokitaka unaomba msingi huo. Ndugu zetu wa kontra ya miezi mitatu-mitatu, ambao hawajui kama badge itafungua mulango mwezi ujao, wanaishi ndani ya kitabu hicho kila siku. Na tunashangaa kwamba hawakuji ku mikutano ya sendika.

Wakati huo huo alikuwa anarudi kwao Béarn wakati wa konji, kuchunguza jambo moja la kijijini: juu gani watoto wakubwa wa wakulima, wale wenye kupokea shamba, walikuwa wanabaki bila kuoa. Baba yake wa posta, aliyejuana na kila nyumba, alimusindikiza kuongea na watu. Wasichana walikuwa wanatafuta wanaume wa muji, wanaojua kucheza danse za kisasa na kusema Kifaransa vizuri. Mukulima alisimama pembeni ya ukumbi na viatu vyake vizito, akitazama. Masomo na muji vilikuwa vimeshusha bei ya mutu mwenyewe, ya mwili wake na ya namna anavyotembea.

Mwaka wa 1960 akarudi Paris kusaidia profesa mukubwa Raymond Aron, kisha akafundisha ku Lille, katika inchi ya makaa ya mawe, tangu 1961 mupaka 1964. Mwaka wa 1964 alitoa, pamoja na Jean-Claude Passeron, kitabu kilichomufanya ajulikane: Les Héritiers, maana yake Wariti, watu wanaopokea mali ya wazazi. Hesabu zake zilitisha Wafaransa. Mutoto wa mufanyakazi wa shamba alikuwa na nafasi isiyofika 1 juu ya 100 ya kuingia iniversite. Mutoto wa mwenye kiwanda, karibu 70 juu ya 100. Mutoto wa daktari ao wa avoka, zaidi ya 80. Na hiyo ilikuwa inchi ambako masomo ya serikali hayaombi minervali kama yetu.

Basi kama si makuta tu, ni nini? Jibu la Bourdieu na Passeron lilikuwa hili. Nyumba ya daktari inampa mutoto mali isiyoonekana. Mezani wanasema Kifaransa ya vitabu. Kuna vitabu ukutani, kuna safari, kuna mujomba anayejua ni sehemu gani ya masomo inafungua mulango gani. Mutoto yule anafika ku kalasa na nusu ya somo tayari mudomoni, na hakuna aliyemuona akilipokea. Mutoto wa mufanyakazi anafika mikono mitupu. Mwalimu anawapa wote wawili swali moja, saa moja, kipimo kimoja, na anaamini kabisa kwamba ametenda haki. Masomo yanaomba kwa wote kitu ambacho hayakukifundisha kwa wote. Anayeleta kitu hicho kutoka nyumbani, wanamuita mwenye zawadi ya kuzaliwa.

Walifanya hata jaribio. Waliwapa wanafunzi wa iniversite orodha ya maneno na kuwaomba maana yake. Katikati waliingiza neno gérophagie, ambalo haliko katika Kifaransa hata kidogo. Walilitunga wao wenyewe. Kuna wanafunzi walioleta maana yake bila kusita. Profesa anasema maneno wanafunzi wasiyoyaelewa, wanafunzi wanamurudishia maneno yale yale ku egzameni, na kila upande unajifanya umesikia. Anayeaibika ni yule asiyejua kujifanya.

Mwaka wa 1970 wawili hao wakatoa kitabu kingine, La Reproduction, kigumu sana kusoma, ambamo walieleza kwamba masomo yanazaa tena dunia ile ile: watoto wa wakubwa wanakuwa wakubwa, wa wadogo wanabaki wadogo, lakini sasa na karatasi yenye kashe inayosema ni haki. Zamani mutoto wa mutemi alitawala juu ni mutoto wa mutemi. Leo anatawala juu amepita egzameni. Bourdieu aliita jambo hilo jeuri ya alama, jeuri isiyo na fimbo: yule anayepigwa anakubali mwenyewe kwamba alistahili. Mimi naona hapo njo nguvu yake yote. Mukubwa wa kazi akikukata mushahara, unajua umekatwa, unaenda kwa delege. Lakini mutoto aliyeambiwa hana kichwa ataenda kulalamika kwa nani? Anatoka kimya, na anabeba neno hilo mupaka uzee.

Mwaka wa 1975, mwaka ambao alianzisha gazeti lake la uchunguzi, alitoa pamoja na Monique de Saint Martin kazi ndogo ambayo mimi naipenda zaidi. Walikuta fishi 154 za mwalimu mumoja wa filozofia wa Paris, za wanafunzi wasichana waliojitayarisha kuingia masomo makubwa. Juu ya kila fishi kulikuwa pointi na maneno ya mwalimu, na pia kazi ya wazazi. Wakazipanga kufuata kazi ya wazazi. Kumbe wasichana waliopata pointi sawasawa hawakupata maneno sawasawa. Kwa yule wa wazazi wadogo, mwalimu aliandika kwamba kazi ni nzito, haina ladha, inafuata tu. Kwa yule wa wazazi wakubwa, wepesi na uzuri wa kuandika. Mwalimu hakuwa mutu mubaya. Hakukusudia kuonea mutu yeyote, na bila shaka angekasirika kama angeambiwa. Mukono wake uliandika wenyewe kile macho yake yalikuwa yamezoea.

Hapo njo makelele yalitoka. Walimu wengi, hasa wale ambao nao walikuwa watoto wa wakulima na wa wafanyakazi, waliona kama amewatukana: walitoa maisha yao kuinua watoto wa wadogo, sasa wanaambiwa wanatumikia wakubwa. Wengine walimulaumu kwamba amefunga milango yote, kama masomo hayawezi kubadilisha kitu, mwalimu afanye nini asubui? Lawama hiyo haiko bure. Katika vitabu vyake vya wakati huo mutu anatafuta njia ya kutokea na haioni upesi. Lakini yeye alijibu kila mara kwamba kujua namna uzito unavyovuta kitu chini njo kulileta watu kutengeneza ndege.

Lawama ingine mimi naikubali zaidi. Bourdieu aliandika namna ambayo mufanyakazi hawezi kumusoma. Sentensi zake ni ndefu kama treni ya minerai, behewa nyuma ya behewa, na ukifika mwisho umesahau loko. Mimi na diplomi yangu ya Leta, kuna kurasa nilizisoma mara tatu. Mutu aliyeonyesha kwamba luga ya wasomi inafunga mulango, naye aliandika kwa luga hiyo. Alijitetea kwamba maneno rahisi yanabeba uongo uliozoeleka. Inawezekana. Lakini mulango ulibaki umefungwa.

Cheo chake kilipanda. La Distinction, kitabu kikubwa cha 1979 juu ya namna watu wanapenda chakula, nguo na muziki kufuata ngazi yao, kilimufanya ajulikane dunia yote. Mwaka wa 1981 alichaguliwa Collège de France, kiti cha juu kabisa kwa profesa wa Ufaransa. Somo lake la kwanza pale, mwezi wa 4 wa 1982, lilikuwa juu ya somo lenyewe: nani anampa mutu haki ya kusimama mbele ya watu na kufundisha? Alieleza baadaye kwamba siku hizo alikuwa katika mateso. Alijiona hastahili. Baba yake alikuwa amefariki muda si mrefu, na ilikuwa kama kwa kupanda kule juu amemusaliti muzee wa posta.

Mwaka wa 1985, Rais François Mitterrand alipoomba Collège de France mawazo juu ya masomo ya kesho, Bourdieu njo aliongoza kuandika. Walishauri kwamba masomo yasipende aina moja tu ya akili, kwamba kuanguka mara moja kusimufungie mutu maisha yake yote, na kwamba njia za kurudi ku masomo ziongezwe. Serikali ilipokea karatasi. Ba-serikali wanapenda kupokea karatasi.

Kisha akatoka kwenda kusikiliza watu. Pamoja na kundi la wenzake alikaa na wafanyakazi wa chuma wa Lorraine ambako viwanda vilifungwa, vijana wa mitaa maskini, walimu waliochoka, wakulima, wakosa-kazi. Waliwaacha waseme kwa urefu na wakachapisha maneno yao jinsi yalivyo. Kitabu, La Misère du monde, kilitoka mwaka wa 1993, karibu kurasa 1000, na hicho watu wa kawaida walikisoma. Mule aliongeza jambo jipya juu ya masomo. Zamani watoto wa wadogo walifukuzwa mapema. Sasa wanaachwa ndani miaka mingi, wanapata diplomi, na wanapofika nayo ku mulango wa kazi wanaambiwa bei yake imeshuka. Wazazi walijikaza kwa ajili ya karatasi ambayo wakubwa wamekwisha kuiacha nyuma. Papa aliyeuza velo yake ili mutoto amalize sekondari anajua ninasema nini.

Mwisho wa mwaka wa 1995, serikali ya Alain Juppé ilitaka kugusa pansio na bima ya wafanyakazi. Watu wa reli waligoma, treni zikasimama inchi yote kwa wiki nyingi. Wasomi wengi wa Paris walisaini karatasi kuunga mkono sehemu za mpango huo. Tarehe 12 mwezi wa 12, Bourdieu, profesa wa Collège de France, miaka 65, alienda ku Gare de Lyon, akasimama mbele ya wagomaji na kuwaambia yuko pamoja nao. Mbele ya mwisho wa mwezi, serikali iliondoa yale ya pansio ya watu wa reli. Mambo ya bima yalibaki. Magazeti yakamushambulia kwamba ameacha elimu akaingia siasa. Hakurudi nyuma. Alianzisha vitabu vidogo vya bei ya chini, vifupi, vyenye sentensi fupi, na cha kwanza, juu ya televisheni, mwaka wa 1996, kiliuzwa sana. Kumbe alijua kuandika rahisi alipotaka. Mwezi wa 1 wa 1998, wakosa-kazi walipoingia na kukaa kwa nguvu ku École normale supérieure, kule kule alikosomea, alienda kuwasemea.

Mwezi wa 3 wa 2001 alitoa somo lake la mwisho, na ndani yake alijichunguza mwenyewe kwa vyombo vile vile alivyochunguzia wengine. Kanseri ilikuwa karibu. Alifariki Paris tarehe 23 mwezi wa 1, 2002, akiwa na miaka 71, akaacha muke na watoto watatu wanaume. Alizikwa ku makaburi ya Père-Lachaise. Mwaka huo huo kilitoka kitabu alichokitayarisha kabla ya kufa, Le Bal des célibataires: zile kazi zake za Béarn zikiwekwa pamoja, za wakulima wasiooa, waliosimama pembeni ya ukumbi wa danse ku kijiji ambako baba yake alichunga posta.